Harufu ya mkojo haifukuzwi kwa marashi

BIASHARA ya kuosha mazulia imekuwa kimbilio la vijana wengi katika miji ya Tanzania. Mtaji wake si mkubwa. Panatakiwa maji ya uhakika, brashi, mashine ya presha, kamba ya kuanikia na dumu la sabuni ya maji. Ndiyo maana mahali pengi panapooshwa magari, pembeni huonekana pia mazulia yametandazwa yakisuguliwa.

Siku hizi imeongezeka kazi nyingine inayofanana na hiyo. Nyasi bandia, ambazo Watanzania wengi walizifahamu kwanza kupitia viwanja vya soka kama Nyamagana cha Mwanza na Kaitaba cha Bukoba, sasa zimetandazwa kwenye baa, hoteli, vibaraza vya nyumba na sehemu za kuchezea watoto. Nazo huchafuka, na mwenye nazo hutafuta mtu wa kuziosha.

Kazi ipo na fedha ipo. Lakini kuna mteja mmoja ambaye waosha mazulia wengi humpoteza baada ya kazi ya kwanza tu. Huyo ni mteja anayefuga paka au mbwa nyumbani.

Mteja huyo hurudishiwa zulia lake likinukia marashi, akalipa na kushukuru. Siku chache baadaye hali ya hewa inageuka, unyevu unaongezeka, na harufu ya mkojo inarudi palepale. Wengi wa wateja hao hawarudi kulalamika. Huenda kwa mwingine, na njiani huwaambia majirani.

Wapo wanaodhani kuwa tatizo hapo ni uvivu wa kusugua. Si kweli. Vijana hao husugua mpaka viganja vikachubuka. Tatizo ni dawa wanayotumia. Dawa hiyo huchaguliwa kwa ukali wa harufu yake, wingi wa povu lake au unafuu wa bei yake, wakati mambo yanayopaswa kuangaliwa ni mawili: uchafu wenyewe ni wa aina gani, na kitu kinachooshwa kimetengenezwa kwa nini.

Mfugaji wa kuku anaijua siri

Mtu anayeweza kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine ni mfugaji wa kuku. Anafahamu kwamba maranda ya bandani yakiwa makavu harufu huvumilika, lakini yakilowa macho humwasha yeye na kuku wake. Kinachowasha ni amonia. Bakteria huivunja asidi ya yuriki iliyomo kwenye kinyesi cha kuku, na mwisho wake ni amonia. Unyevu ndio unaowapa bakteria hao nafasi ya kufanya kazi.

Mkojo wa mbwa na paka hufuata njia hiyo hiyo, isipokuwa sehemu kubwa ya naitrojeni yake imo katika yurea, ile ile ambayo mkulima huinunua kwa mfuko kama mbolea ya kukuzia. Mkojo mbichi wa wanyama hawa kwa kawaida una tindikali kidogo, na harufu yake si kali sana. Ukikaa, bakteria huigeuza yurea kuwa amonia, na doa lililokuwa na tindikali likawa na ualikali kama maji ya magadi.

Mkojo wa paka una la ziada. Ndani yake mna kitu kiitwacho felinini, ambacho kikivunjika hutoa kemikali zenye salfa. Hizo ndizo zinazofanya nyumba yenye paka dume itambulike tangu mlangoni.

Jambo jingine ni kwamba mkojo haubaki juu ya zulia. Hushuka hadi mgongoni mwake, na kama chini kuna sponji au kapeti jingine, huingia humo pia. Huko chini huenea kwa upana kuliko doa linaloonekana juu. Maji yakikauka, chumvi na mabaki mengine hubaki. Mabaki hayo huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana harufu hulala wakati wa kiangazi na kuamka wakati wa masika.

Kwa mantiki hiyo, marashi yanayomiminwa kwenye maji ya mwisho hayaondoi chochote. Huifunika harufu kwa siku mbili tatu, kisha marashi yanakwisha na amonia inabaki.

Zulia la sufu na zulia la plastiki

Kabla ya kumimina dawa yoyote, mwenye kazi anapaswa kujua anachoosha. Mazulia mengi ya kiwandani yenye bei nafuu hufumwa kwa nyuzi za plastiki kama polipropilini na poliesta. Mengine ni ya nailoni. Yale ya gharama kubwa, mengi yakiwa yamefumwa kwa mkono, huwa ya sufu, na machache huwa na hariri.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuchomoa uzi mmoja upande wa nyuma, kwa ruhusa ya mwenye zulia, na kuuchoma kwa kiberiti mbali na zulia. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kidoleni. Plastiki huyeyuka na kuacha kijitone kigumu.

Tofauti hiyo ina maana kubwa katika kuchagua dawa. Sufu ni protini, kama zilivyo nywele za binadamu. Klorini huila na kuiyeyusha. Magadi huifanya iwe ngumu na kuidhoofisha. Hata baadhi ya dawa zinazosifiwa kwa kuondoa mkojo, zile zenye vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, zinaweza kuimeng'enya sufu yenyewe na hariri pia. Kwa zulia la namna hiyo panahitajika sabuni isiyo na magadi, ambayo kipimo chake cha pH kiko kati ya 5 na 8, na lebo inayosema wazi kwamba inafaa kwa sufu.

Nailoni huvumilia zaidi, lakini klorini huifubaza na kuipunguzia nguvu. Polipropilini ndiyo ngumu kuliko zote, ila mgongo wa zulia lake mara nyingine hufumwa kwa juti, nyuzi zile zile za magunia. Juti ikiloweshwa muda mrefu kwa sabuni yenye magadi mengi, huachia rangi ya kahawia inayopanda mpaka juu. Mteja atakapoona zulia lake jeupe limegeuka rangi ya chai, hatauliza habari za juti. Ataomba alipwe.

Hapa ndipo panapofaa kuitazama sabuni ya maji inayotengenezwa mitaani. Ni kazi nzuri, na imewapatia kipato akina mama na vijana wengi, baadhi yao wakiwa wamefundishwa na shirika la SIDO. Sabuni hiyo hutengenezwa kwa salfoniki na magadi soda pamoja na vitu vingine. Ikipimwa vizuri, tindikali na magadi hulingana. Ikikadiriwa kwa macho, magadi yanaweza kuzidi, na anayeitumia asijue mpaka zulia limeharibika. Karatasi za kupimia pH huuzwa katika maduka ya vifaa vya maabara. Mtengenezaji wa sabuni asiyekuwa nazo ni sawa na mfanyabiashara wa nafaka asiyekuwa na mizani.

Jik si jibu la kila kitu

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipoingia nchini, klorini imejijengea sifa ya kuwa dawa ya kila uchafu. Ni kweli kwamba Jik na dawa nyingine za klorini huua vijidudu vingi kwa bei ndogo. Lakini kuzimimina kwenye zulia lenye mkojo ni kosa mara tatu.

Kwanza, klorini hukutana na amonia iliyomo kwenye mkojo na kutoa gesi ya kloramini. Gesi hiyo huwasha macho, koo na mapafu. Kijana anayeinama juu ya zulia katika chumba kilichofungwa anaivuta moja kwa moja. Akichanganya klorini na dawa ya choo yenye tindikali, au hata na siki, hutoka gesi ya klorini yenyewe. Hiyo ndiyo gesi iliyotumiwa kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna sababu ya kuitengeneza ndani ya ndoo sebuleni kwa mtu.

Pili, klorini huondoa rangi. Rangi ikishatoka kwenye zulia, hakuna dawa ya kuirudisha.

Tatu, klorini humalizikia kwenye uchafu. Mfugaji makini anaijua kanuni hii: banda huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kinyesi chote kikatoka, ndipo dawa ya kuua vijidudu hupigwa. Anayepiga dawa juu ya kinyesi amemwaga fedha, kwa sababu nguvu ya dawa huishia kwenye uchafu na vijidudu hubaki salama. Zulia nalo ni hivyo hivyo.

Aidha, zipo dawa za jamii ya fenoli, ambazo nyingi kati yake hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hushauriwa asizitumie mahali pa kukamulia kwa sababu harufu yake huingia kwenye maziwa. Nyumbani kwenye paka hazifai pia, kwani ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja fenoli. Paka hulala juu ya zulia, hujilamba miguu na manyoya, na sumu huingia mwilini mwake kidogo kidogo. Mteja aliyelipa ili paka wake aendelee kuishi naye ndani hatafurahi kumpeleka kwa daktari wa mifugo wiki inayofuata.

Dawa inayofaa na namna ya kuitumia

Dawa zinazoondoa mkojo, tofauti na zinazouficha, ni za aina tatu.

Ya kwanza ni tindikali hafifu, kama siki ya kawaida iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, au unga wa sitriki uliokorogwa majini. Hii huitibu amonia ya doa la zamani. Ni rahisi kupatikana, bei yake ni ndogo na haina madhara makubwa kwa nyuzi nyingi. Udhaifu wake ni kwamba haivunji mabaki yote, hasa zile kemikali za salfa za mkojo wa paka.

Ya pili ni dawa zenye vimeng'enya au bakteria wasio na madhara. Hizi hula mabaki ya mkojo na kinyesi mpaka yakaisha. Hazitaki haraka. Zinahitaji kukaa na unyevu kwa saa kadhaa kama lebo inavyoelekeza, na zulia lifunikwe kwa turubai lisikauke mapema. Maji ya moto sana huziua, na klorini pia huziua. Anayepiga Jik asubuhi na kimeng'enya mchana amenunua dawa mbili na kubaki bila hata moja. Kwa mazulia ya plastiki, hata baadhi ya sabuni za unga za kufulia zina vimeng'enya, na lebo huvitaja. Kwa sufu, sabuni hizo ziachwe kando.

Ya tatu ni haidrojeni peroksaidi hafifu, ya asilimia 3, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda. Hii hushambulia hata zile kemikali za salfa, kisha yenyewe hugeuka maji na oksijeni. Lakini inaweza kufifisha rangi, hivyo lazima ijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana na kusubiriwa ikauke. Isichanganywe na siki wala dawa nyingine ndani ya chombo kimoja.

Dawa nzuri bila utaratibu ni bure. Mkojo mbichi hufyonzwa kwanza kwa kitambaa kikavu, kwa kukandamiza, si kwa kusugua. Maji ya kwanza yawe ya baridi. Ya moto huligandisha doa la protini, na sufu husinyaa. Dawa inapaswa kufika kila mahali mkojo ulikofika, yaani hadi mgongoni, na kupita ukingo wa doa. Tochi ya miale ya urujuanimno, ile ambayo wafanyabiashara huitumia kukagua noti bandia, husaidia sana hapa, kwa sababu mkojo mkavu hung'aa chini ya mwanga wake katika chumba chenye giza.

Baada ya hapo zulia lisuuzwe mpaka maji yatoke maangavu. Sabuni inayobaki huvuta vumbi, na zulia huchafuka upesi kuliko awali. Kwa wateja Waislamu suala la kusuuza lina uzito zaidi. Mkojo wa paka ni najisi, na mtu anayeswali juu ya zulia hilo hataki povu wala marashi, anataka maji yaliyopita na kuiondoa najisi yenyewe. Mwosha zulia anayelielewa hilo anaweza kupewa hata mazulia ya msikiti.

Mwisho ni kukausha. Zulia likikaa na maji hadi siku ya pili au ya tatu, hasa katika hewa yenye unyevu ya Dar es Salaam au Tanga, huota ukungu, na harufu moja huwa imebadilishwa kwa nyingine. Lianikwe mahali penye upepo, na la sufu lisiachwe juani kutwa nzima likapauka.

Nyasi bandia zina mambo yake

Nyasi bandia hazifanani na zulia ingawa huuzwa kwa mita kama zulia. Majani yake mengi ni ya poliethilini au polipropilini, mgongo wake hupakwa mpira wa lateksi au poliyurethini, na katikati ya majani mara nyingi humwagwa mchanga au chembe za mpira. Majani hayanywi mkojo. Mkojo hushuka kwenye mchanga na mgongoni, na hapo ndipo harufu inapokaa.

Jua la Afrika Mashariki huzifanya nyasi hizo ziwe za moto kuliko nyasi za kawaida, na joto huipandisha amonia juu. Ndiyo maana mwenye baa hulalamika mchana wa Januari kuliko usiku wa Juni.

Dawa hapa ya kwanza ni maji mengi, ya pili ni maji mengi. Kinyesi kiokotwe, sehemu yenye mkojo imwagiwe maji kila siku, kisha mara kwa mara ipigwe siki iliyozimuliwa au dawa ya vimeng'enya. Jioni ndiyo saa nzuri, kwani mchana dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Mashine ya presha isikaribishwe sana, kwa sababu hurusha mchanga na kung'oa majani. Petroli, mafuta ya taa na tina zisitumike hata kwa doa gumu, zinaulainisha mpira wa mgongoni na majani huanza kuachia. Maji yanayochemka nayo hayafai.

Pamoja na hayo, dawa haiwezi kuirekebisha kazi iliyoharibiwa na fundi. Nyasi zikitandazwa juu ya sakafu ya zege isiyo na mteremko, mkojo hutuama chini yake na hakuna kitakachoutoa. Anayeuza nyasi hizo anapaswa kumuuliza mnunuzi kama ana mbwa, na kama anaye, amshauri kuhusu mteremko, matundu ya kupitishia maji, na kutumia madini ya zeolaiti badala ya mchanga wa kawaida. Madini hayo huikamata amonia ikiwa bado majini kabla haijapanda hewani.

Kinyesi ni suala la afya

Ikumbukwe kuwa harufu ndiyo inayolalamikiwa, lakini hatari kubwa iko kwenye kinyesi. Kinyesi cha mbwa na paka huweza kuwa na mayai ya minyoo, na cha paka huweza kuwa na vimelea vya toksoplazma, ambavyo ni hatari kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mayai ya minyoo na vimelea hivyo havitishwi sana na dawa za kawaida za kuua vijidudu, klorini ikiwamo.

Kinga yake ni kasi. Vimelea vya toksoplazma huchukua siku moja hadi 5 tangu kinyesi kitoke ndipo viweze kuambukiza. Kinyesi kinachoondolewa kila siku, kwa mikono iliyovaa glavu, hakipati nafasi hiyo. Mama mjamzito asipewe kazi hiyo.

Dawa ya kuua vijidudu ina nafasi yake pale kwenye ugonjwa, kwa mfano mbwa alipougua parvo. Kirusi hicho ni sugu, na dawa nyingi za mabandani, zikiwamo zile zinazotajwa kwenye lebo kama benzalkoniamu kloraidi, haziaminiki dhidi yake. Klorini iliyozimuliwa hukiua, lakini juu ya sakafu au nyasi bandia zilizokwisha kuoshwa na kusuuzwa, si juu ya zulia la sufu, na isiwe desturi ya kila wiki.

Maji machafu nayo yana safari yake. Yakitoka kwenye kazi huingia mtaroni, na katika jiji kama Dar es Salaam mifereji mingi huishia mabondeni, likiwamo bonde la Msimbazi, ambako kuna bustani za mboga. Dawa za mabandani zina sumu kwa samaki. Anayezimwaga ovyo juu ya mto anamharibia riziki mkulima wa mchicha na mfugaji wa samaki walio chini.

Rahisi inayogharimu

Hoja inayosikika sana ni kwamba dawa hizi nzuri ni ghali na wateja hawataki kulipa. Hoja hiyo ina ukweli nusu tu. Bei ya chupa si bei ya kazi.

Chukua mfano wa hesabu. Sabuni ya lita moja inauzwa Sh 3,000 na hutumika bila kuzimuliwa. Dawa nyingine ya lita 5 inauzwa Sh 60,000, lakini huzimuliwa sehemu moja kwa 19 za maji, hivyo lita 5 huzaa lita 100. Kila lita ya kufanyia kazi inagharimu Sh 600. Ile iliyoonekana rahisi ni ghali mara 5. Bei za sokoni hutofautiana, lakini hesabu ni hiyo hiyo, na kila mwenye biashara anaweza kuipiga kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Kuhusu mteja, hakuna ulazima wa kumtoza kila mtu sawa. Swali moja wakati wa kupokea zulia, kwamba je, nyumbani kuna mnyama, linatosha kuweka bei mbili. Kazi ya mkojo huchukua dawa zaidi na muda zaidi, na mteja akielezwa sababu hiyo kabla ya kazi huelewa kuliko akielezwa baada ya harufu kurudi. Pale doa lilipokaa miaka na kuoza mgongo wa zulia, ni heri kumwambia ukweli kwamba halitatoka lote kuliko kupokea fedha kwa ahadi isiyotimizika.

Lakini lawama zote zisiangukie kwa vijana wa kuosha. Dawa nyingi mitaani huuzwa katika chupa zilizokuwa za maji ya kunywa, bila lebo, bila jina la kemikali, bila kipimo cha kuzimulia. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Tanzania ina sheria ya usimamizi na udhibiti wa kemikali za viwandani na majumbani tangu mwaka 2003, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ina Shirika la Viwango, TBS. Sheria hiyo haina budi kuonekana hata kwenye meza ya muuza dawa wa mtaani, kwa elimu kwanza na adhabu baadaye.

Waagizaji wa dawa za kigeni nao waweke maelezo ya Kiswahili kwenye lebo. Neno moja la Kiingereza linaloonya dhidi ya sufu, likisomwa na mtu asiyelielewa, halina faida kwa yeyote. SIDO na vyuo vya ufundi vinavyofundisha kutengeneza sabuni viongeze somo la kupima pH na la kutambua nyuzi. Ni somo la siku moja au mbili, na vifaa vyake ni karatasi ya kupimia na kiberiti.

Wakati umefika kwa wenye biashara hii kuacha kushindana kwa povu na marashi. Mijini watu wanaofuga mbwa na paka ndani wapo, nyasi bandia zinaendelea kutandazwa, na mvua za masika zitanyesha tena. Zikinyesha, kila zulia lililooshwa kwa dawa isiyofaa litatoa ushahidi wake.